Kornelio Lupakisyo, Fundi Aliyepima Nikeli na Hafni

Marehemu Kornelio Lupakisyo alizaliwa tarehe 3 Juni 1931 Kimamba, Kilosa, mtoto wa pili wa manamba aliyetoka Rungwe kuja kukata mkonge. Alisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni. Wenye vyeti vyao wasicheke; darasa hilo la nne lilitosha kuwaumbua baadhi yao.

Ufundi aliupata kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mwaka 1956 alimwoa Filomena. Siku ya posa alikalishwa kwenye kiti kinachoyumba. Akaomba nyundo, akakigongea misumari, ndipo wazee wakaendelea. Baada ya Uhuru alitengeneza malori ya miwa Kidodi, hadi mwaka 1974 familia ilipohamia kijiji cha ujamaa, Msowero, naye akakabidhiwa pampu ya maji.

Agosti 1975 mhimili wa pampu ulivunjika. Tukaletewa Bwana Stefano, mtaalamu wa mkoba wa ngozi kutoka ofisi ya maji, na fito mbili za unene na urefu sawa: moja ya aloi ya nikeli, nyingine ya hafni, metali adimu. Akaamuru ifungwe hafni, eti kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya elfu mbili na mia mbili, na ile aloi haifiki elfu moja na mia nne. Marehemu akamwuliza kwa adabu zote, “Bwana mkubwa, hapa tunavuta maji au tunayeyusha vyuma?”

Akazibana fito zote mbili kwenye jiliwa, kila moja akaitundikia ndoo ya mchanga yenye uzito uleule. Hafni ilipinda zaidi ya mara mbili ya nikeli. Hakuitukana. Alisema ni metali ya heshima, kutu haiiwezi, ila mhimili wa pampu unataka kitu kisichopinda. Msomi wetu hakuitazama hata ndoo. Alitazama viatu vya marehemu, akamshusha cheo kuwa msaidizi wa fundi, na hafni ikafungwa.

Siku ya kumi na moja mhimili ulitikisika, beringi zikaliwa, wanawake wakarudi kuchota mtoni. Walimwendea marehemu, akafunga nikeli asubuhi, mchana maji yakatoka. Ripoti ikampongeza Bwana Stefano, naye akapokea pongezi bila haya.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba 1978. Akiwa kitandani alipata habari kwamba Bwana Stefano angependa kumwandikia wasifu. “Mwambieni nimemsamehe,” alisema. “Lakini kalamu yake isiniguse.” Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Machi 1979.

Jana ofisi ya maji ilituletea karatasi: kwa mujibu wa jalada, tuandike “msaidizi wa fundi”. Filomena, aliyejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, aliisoma mara mbili, akaiwashia jiko la chai ya waombolezaji.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na mdogo wake Timotheo, anayesoma maneno haya. Alale kwa amani. Msalabani ameandikwa Fundi.