Sentensi Iliyofutwa kwenye Utabiri wa Mama Mawimbi

Marehemu, ambaye ofisini aliitwa Mama Mawimbi na nyumbani tulimwita shangazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1984 akahitimu shahada ya hisabati, enzi hizo cheti kikimpa mtu kazi na si kufungia maandazi.

Tarehe 3 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa ofisi ya hali ya hewa, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta, na humo, kwa kasi ya upepo, saa ulizovuma na upana wa maji ambayo upepo huo ulipita juu yake, alipata kimo cha mawimbi ya kesho. Aliolewa tarehe 14 Juni 1987 na fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili, waliojua mapema kwamba kumuuliza mama kama bahari itatulia ni kujitafutia somo la saa nzima.

Kila utabiri aliufunga kwa sentensi moja: "Kimo hiki ni wastani wa theluthi ya juu ya mawimbi, wimbi moja moja laweza kukaribia mara mbili yake." Mwaka 2011 akaletewa mkurugenzi, huyu aliyekaa mstari wa mbele na miwani ya jua kivulini, aliyeipata bahari kwenye kalenda ya ukutani, akasema, "Mama, watu wanataka namba, hawataki mahubiri," naye akajibu, "Basi wape namba yako ya simu, mwanangu, wakilowa wakupigie."

Tarehe 20 Julai 2013 sentensi ilifutwa, utabiri ukatoka mita mbili kavu, nahodha wa kivuko akaamini mbili, akakutana na karibu nne, watu sita wakafa. Kamati ilikaa siku nne, ikanywa chai, ikakataa kuiona rasimu ya utabiri aliyoiandika shangazi, ikaandika human error, yaani kosa la mtabiri, akaachishwa kazi tarehe 30 Septemba.

Alipata kiharusi mwaka 2019, akafariki Jumatatu hii saa nne asubuhi, wodi namba nne. Jana ofisi ilituletea historia yake, imechapwa vizuri, eti alistaafu kwa hiari, eti isomwe hiyo. Haisomwi. Rasimu yenyewe, wino mwekundu juu ya sentensi na sahihi ya mkurugenzi pembeni, iko mezani kando ya kitabu cha rambirambi, kila mtu apite aione, na mkurugenzi asiharakishe kuondoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliombeba ngazini, na wenzake wawili waliothubutu kuja.

Pumzika kwa amani, shangazi, sentensi yako imesomwa yote, hadi nukta.