Wasifu wa Verlin Stoddard, Aliyemtaja Mabry Kwanza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Darla, mtoto wa kwanza wa marehemu. Kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, aya ya nne inaeleza kazi yake ya mwisho. Msiisome. Imeandikwa na timu aliyoifanyia kazi, ambayo ndiyo iliyojitolea kuchapisha, na ni uongo mtupu. Sikilizeni huu wangu.

Marehemu Verlin Stoddard alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Vincennes, Indiana, mtoto wa tatu wa fundi wa matrekta. Alisoma hapahapa na kuichezea shule mpira wa kikapu kama mlinzi, yule anayepanda na mpira na kuwagawia wenzake, hadi goti lilipomharibikia mwaka 1969. Akasomea ualimu Terre Haute, akahitimu 1973.

Tarehe 24 Novemba 1979 alifunga ndoa na Nadine Voelker. Jioni ya harusi alimwambia bibi harusi wanakwenda kula Evansville. Kweli walikula: soseji, jukwaani, mechi ikiendelea. Mama husema hadi leo, "Niliolewa na mpira. Verlin alikuja kama shahidi."

Alifundisha hesabu miaka kumi na minne, kisha mwaka 1987 akawa skauti, yaani msaka vipaji, wa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Alizunguka vyuoni akiwalinganisha walinzi, ili wakubwa wajue wamchague nani kabla ya nani siku ya uteuzi, timu zinapochukua vijana wa vyuo kwa zamu. Mfukoni alibeba utepe wa fundi cherehani, maana vyuo huwapima vijana wakiwa na viatu. Mume wangu alipokuja kuposa, alipimwa mlangoni, miguu mitupu.

Januari mwaka huu, 2019, aligundulika na saratani ya mapafu, yeye ambaye hakuwahi kuvuta sigara. Tarehe 2 Juni, akiwa kitandani hospitalini, alinitamkia ripoti yake ya mwisho, ya walinzi wawili wa vyuoni, nami nikaandika kwa mkono wangu.

"Andika, Darla. Ransdell ana kimo na mkono mzuri. Akinyang'anywa mpira, anamtazama mwamuzi. Mabry akinyang'anywa, ukipepesa jicho yuko nyuma anamkaba aliyemnyang'anya. Wa kwanza Mabry. Wa pili Ransdell."

Mkurugenzi wa timu akapiga simu. Nilikuwepo, nilisikia.

"Mzee, huyo Mabry ni mfupi. Nani atanunua jezi yake?"

"Mimi sikuajiriwa kuuza jezi, bwana."

Jumamosi iliyopita tukamwona mkurugenzi huyo kwenye televisheni, anatabasamu: "Verlin wetu ndiye aliyetuambia tumchukue Ransdell." Baba aliomba simu. Alipiga mara sita, na mara zote sita haikupokewa! Miaka thelathini na miwili ya kulala kwenye hoteli za barabarani, halafu mtu anashindwa kunyanyua simu. Nina hasira, mchungaji, na sitaificha hata humu kanisani.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 17 Juni, saa tatu asubuhi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Waambie sikusema vile."

Haya, nawaambia. Hakusema vile. Tavion Mabry amekuja kwa basi kutoka Ohio, yuko kiti cha nyuma. Simama, mwanangu, watu wakuone.

Marehemu ameacha mjane, Nadine, watoto wawili, mimi na Curtis, wajukuu wanne, na dada yake, Shangazi Opal. Baada ya maziko, tambi na viazi vya kuponda viko tayari kwenye ukumbi wa chini ya kanisa.

Leo jioni ni uteuzi. Mkurugenzi, umekaa mstari wa mbele na maua yako. Mchague unayemtaka, timu ni yako. Lakini jina la baba yangu si lako. Ripoti yenye saini yake ni hii nimeishika. Njoo uipokee mbele ya watu hawa, useme kwa mdomo wako aliyemtaja kwanza ni nani.

Baba apumzike kwa amani. Mimi nimesimama hapa, nakusubiri.