Siku Niliyoingia Kaburini Nyamilumo

Sogeeni, wanangu. Salehe, kaa hapa kichwani, na wewe Mboni funga huo mlango wa uani, maana ninayotaka kusema nataka yasikiwe na ninyi wawili kabla hayajasikiwa na majirani. Nimeumwa vya kutosha kujua kwamba safari hii haina kurudi. Msinikatize, na nikinyamaza mjue napumzika tu.

Ya mali ni machache. Nyumba hii ya Kirumba aliijenga marehemu baba yenu Muhidin kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, na sheria ya dini imekwisha kuigawa, kwa hiyo mwiteni shehe mfuate atakavyosema, wala asitokee mmoja wa kumwambia mwenzake "mama aliniahidi", kwa sababu sikumwahidi mtu. Cherehani ni ya Mboni, aliinunua mwenyewe, mimi nilikuwa naiazima. Kuhusu zana za baba yenu, ile nyundo kubwa, patasi zote na timazi ya shaba ya kupimia ukuta usiiname, najua Salehe uliamini niliziuza. Sikuziuza. Zimo chini ya kitanda hiki, ndani ya gunia, na nilikunyima kwa hasira miaka mitatu. Baba yako alizikusudia kwako. Leo zichukue.

Sasa sikilizeni chanzo cha hasira hiyo, maana Mboni aliisikia nusu tu. Salehe hakutaka kuisema, na mimi niliona haya.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka ule wa Uhuru. Salehe alipata kazi ya kujenga shule kijijini Nyamilumo, ng'ambo ya maji, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kivukoni Kamanga. Watu wa kule walitaka watoto wawe wameingia darasani bendera mpya ikipandishwa, na mwalimu wao Josephat, kijana mwenye bidii, ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya ujenzi. Mawe ya msingi yalikuwa kazi kuyapata, ila juu ya kilima kulikuwa na mawe bapa yaliyosimama wima kwa duara, yamefunikwa na jiwe moja pana kama paa, na watu wote walijua kwamba ni kaburi, lakini hakuna aliyejua la nani. Josephat akasema, marehemu asiye na ndugu hana wa kulalamika, tuyachukue. Salehe akaanza kuchimba chini ya jiwe la kwanza. Kesho yake asubuhi akamkuta bibi kizee mmoja wa pale, Kija, amejiingiza ndani ya lile kaburi na kigoda chake, amekataa kutoka.

Ndipo ukanitumia ujumbe, Salehe, ukaniambia: "Mama, njoo uzungumze na bibi mwenzako, penye wazee haliharibiki neno." Nikavuka. Nilikuja nimejaa majivuno, nawaambieni kweli, kwamba mwanangu ni fundi, na mimi ndiye wa kuitwa mambo yakikwama.

Nikainama kwenye ule mlango wa mawe nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia. "Ingia. Mgeni hasimami mlangoni."

Nikaingia kwa magoti. Ndani kulikuwa baridi, na mwanga uliingia kwa vipande. Nikamwuliza, "Nani amezikwa humu?"

"Sijui."

"Si wa ukoo wenu?"

"Wazee wetu walipofika hapa na ng'ombe wao waliyakuta mawe yamesimama hivi hivi. Na wao waliuliza, wakakosa wa kumwuliza."

"Basi kwa nini umkalie mtu usiyemjua, na wajukuu zako hawana shule?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Anayemjua angeweza kumwomba ruhusa," akasema. "Mimi simjui. Nitamwombaje?"

Nikaanza kuangalia. Nimekaa na fundi miaka thelathini na minane, alama ya patasi naijua hata kwa kidole gizani, na mle sikuikuta hata moja. Mawe yale yalipasuliwa bila chuma. Nikapapasa kwenye maungio nikakuta vijiwe vidogo vimeshindiliwa kama kabari, kimoja kimoja, vile vile alivyokuwa akifanya Muhidin, na hata vidole vyangu vikashangaa, maana baba yenu alifundishwa na baba yake, na baba yake na mwingine, na hawa walifundishwa na nani? Waliliinuaje lile paa ambalo watu kumi na wanane wa kamati hawakuweza kulitikisa? Niliuliza kwa sauti, na Kija akacheka, akasema yeye huuliza hayo tangu alipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi.

Kisha akanipa jiwe dogo la kupondea, laini kama sabuni iliyotumika. "Limetoka kwenye shimo la mwanao," akasema. Nikalishika kwa mkono wa kulia, halikukaa. Lilikuwa na kishimo cha dole gumba, na kila nilivyoligeuza kidole kilikosa mahali pake. Nikalihamishia kushoto. Likatulia, wanangu. Dole gumba likaingia, na vidole vingine vikapata vijifereji vyao, kana kwamba mwenyewe ameliweka chini sasa hivi akaenda kuchota maji.

Ninyi mnajua mimi ni wa mkono wa kushoto. Mama yangu alikuwa akinifunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula, na nilipigwa sana. Nikamwambia Kija, "Huyu alikuwa wa kushoto." Akasema, "Miaka yote nimekaa hapa, hilo sikulijua." Tukatazamana pale tukiwa wazee wawili, tumejua jambo moja tu la mtu ambaye jina lake halijui mtu yeyote chini ya jua, na sijapata furaha ya namna ile tangu siku niliyowazaa ninyi. Sikwenda kuomba kitu kaburini, Mungu apishe mbali. Nilikuwa nauliza tu. Jiwe lile nililitamani, wallahi, lakini Kija alilirudisha shimoni akalifukia.

Jua lilipokuwa limekwisha pinduka ukaniita kwa nje, Salehe. "Mama, umemtoa?"

Nikajibu kwa sauti, mbele ya kamati nzima, mbele ya vibarua wako: "Hapana. Na mimi sitoki. Ukitaka mawe haya vunja na mama yako."

Nikawasikia wakicheka. Wewe hukucheka. Ulikusanya vitu vyako ukaondoka, na shule ikajengwa na fundi mwingine kwa mawe ya kilima cha pili, yaliyopasuliwa kwa moto na maji. Bendera ilipandishwa shule ikiwa haijafika hata kwenye madirisha, na watoto walisoma muhula mzima chini ya nyasi zinazovuja. Hilo najua ni mimi. Tangu hapo hukula tena nyumbani kwangu mpaka nilipougua, na mimi kwa hasira nikazificha zile zana.

Mboni... maji kidogo. Basi. Yanatosha.

Kija alifariki masika yaliyofuata. Josephat alikuja kunipa habari, akaniambia siku hizi yeye mwenyewe huwapeleka wanafunzi kule kilimani wakaangalie, na kila mmoja humwuliza swali asiloliweza. Lakini lile jiwe ulilolichimba chini, Salehe, limeinama. Kija aliliegemezea gogo, na gogo linaliwa na mchwa. Likianguka, paa litafuata. Kule hakuna tena fundi wa kulisimamisha, upo wewe tu. Nenda kabla ya mvua kubwa. Chukua timazi ya baba yako, lisimamishe jiwe, lile shimo ulilochimba ulijaze kifusi, kisha ingia ndani ukae. Usifanye haraka. Angalia zile kabari.

Mimi nizikeni kama Waislamu wanavyozikwa, upesi, bila saruji. Mboni, wanawake watalia, uwape chai. Watoto wenu wakiuliza maswali mpaka mkachoka, msiwafukuze.

Pumzi inakwisha... Radhi zangu mnazo, nyote wawili, kwa maziwa niliyowanyonyesha na kwa yote msiyoyajua. Mungu awape riziki ya halali, awape kupatana, awape... awape wazee wenye subira kuliko mimi.

Salehe. Mawe yale sijutii. Ile sauti niliyokujibu nayo, mbele ya watu, mtu mzima, fundi... hiyo naijutia. Watu husema mzazi haombi radhi kwa mwanawe. Mimi naomba.

Sema basi.

Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio yanakwenda.

Mboni... amesema nini?

Ah. Haya. Alhamdulillahi.