Herufi Tatu Nilizoziandika Juu ya Kiriri

Asalaam aleikum kwa ndugu Waislamu, na nyinyi wengine wote, bwakeye. Mi si musemaji. Nimepanda minara ya simu mirefu kuliko minara ya misikiti yote ya Buyenzi, lakini hapa mbele yenu natafuta pa kushika. Mucheke tu, si haramu.

Kampuni sitaitaja. Ni kubwa, buro zake ni za vioo, na mutu akipata kazi pale mama yake anapika pilau ya mutaa muzima. Mama yangu alipika. Nilifika mpaka kuwa mukubwa wa timu ya mafundi.

Ndugu zangu, nawaambia, pale kulikuwa na neno: R.A.S. Ni Kifaransa, rien à signaler, maana yake hakuna la kusema. Kila asubuhi kabla ya kupanda, mukubwa wa timu anajaza rapoti ya vifaa. Ukiandika kamba imechakaa, kazi inasimama, timu yenu inashuka kwenye orodha ya timu bora ya ukutani, na shefu anakuita: "Eh bwana, we ni fundi ao mwandishi wa habari?" Ukirudia, unapelekwa kukaa stoo. Basi tukajifunza kuandika R.A.S. kila siku. Hata mutu aliyefiwa, ukimuuliza habari, anajibu R.A.S., tunacheka.

Mwenzangu mumoja tuliingia kazi siku moja. Mukristo wa Mutanga Nord, mupole, mwoga wa mbwa lakini si wa munara. Asubuhi moja tulikuwa juu ya kilima cha Kiriri. Akaniletea mukanda wake wa kupandia.

"Muzee, angalia hapa."

Nyuzi zilikuwa zimeanza kuachana karibu na chuma. Niliziona kwa macho yangu haya. Nikamwambia, "Vumilia leo, kesho nitaomba mwingine."

"We ndiye mukubwa," akasema, akaufunga. Mi nikaegemea gari, nikaandika R.A.S.

Alianguka kabla ya saa nne. Zaidi ya hapo sisemi.

Wakubwa wakasema marehemu hakufunga mukanda. Shefu akanionyesha karatasi yangu mwenyewe: "Si uliandika vifaa ni vizima?" Kwenye matanga, muke wake akaambiwa mbele ya watu kwamba bwana wake aliuawa na uzembe wake mwenyewe, na mi nimekaa pale nakunywa Fanta yake. Mungu anisamehe.

Toka pale sikuwa mutu. Nikifunga mukanda wa suruali, nasikia kile chuma, natoka jasho. Nikisujudu, naona nyuzi. Muke wangu akaniuliza nina nini, mudomo ukajibu wenyewe: R.A.S. Akalia. Mi niliuogopa huo mudomo.

Halafu mujane akaniita kwake. "Shemeji, binti yangu amekataa kwenda kwenye kaburi. Anasema baba hakutupenda, ndiyo maana hakufunga mukanda. We ulikuwepo. Alisahau kweli?"

Wallahi, uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamwangalia yule mama, nikashindwa.

"Apana," nikasema. "Alifunga. Mukanda ulikuwa mubovu, alinionyesha, na mi nikamupandisha."

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Aliinuka, akaita ndani: "Kuja hapa. Kuja usikie mwenyewe." Binti akaja, nikarudia yote, maneno yaleyale.

Kesho yake niliandika rapoti nyingine, nikaisaini, nikaipeleka kwa mukaguzi wa kazi. Kampuni ikanifukuza. Leo natengeneza redio sokoni, na bado jasho linanitoka.

Namushukuru muke wangu, aliyekaa na mutu kama kivuli. Nawashukuru nyinyi, munaonisikiliza bila kunitemea mate. Wenye kazi, nawaomba: ukiona kitu kibovu, kitaje mwenzako akiwa bado chini. Mujane hajanisamehe, na mi simuharakishi. Lakini siku ile binti aliniuliza swali moja tu: "Alifunga vizuri?" Nikamwambia, vizuri kabisa, mwanangu. Akaenda kutafuta viatu vyake, akamwambia mama yake, "Twende kwa baba."