Médéric wa Lubin, Mwenye Nyumba Aliyekataa Kumtaja Mgeni

Huku Chéticamp, kijiji chetu cha pwani ya Kanada, mtu huitwa kwa baba na babu, basi ijulikane tunayemzika ni nani: Médéric wa Lubin wa Polite. Kwa serikali ni Médéric Joseph Chiasson. Alizaliwa Grand-Étang tarehe 11 Februari 1947, siku ya suête, upepo wetu wa mlimani, ulipobeba paa la zizi. Baba yake alitoka kulifuata paa, akarudi akakuta mtoto.

Alisoma kwa masista, kisha mwaka 1965 akaenda chuo cha Antigonish. Dada yake mkubwa, aliyeandika maneno haya, aliishia darasa la sita; lakini ndiye aliyemfunza kusoma, kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia baridi. Masista walipokea sifa, nao hawakuuliza nani alimfunza.

Tangu utoto alikuwa hodari wa kubahatisha wageni wa nusu ya Kwaresima. Siku hiyo mgeni huingia jikoni amevaa gunia na kinyago, husema kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane, na mwenye nyumba akimtaja kwa jina, hana budi kujivua kinyago. Médéric alitazama viatu na mikono tu. Ilifika wakati wageni wakairuka nyumba ya Lubin.

Mwaka 1970 alianza kazi Montréal, akitengeneza filamu za hali halisi kuhusu waandishi, washairi na watengeneza filamu wa Kanada. Alimfuata mshairi wa Saskatchewan aliyetunga akiwa juu ya trekta. Alimfuata mtengeneza filamu mzee wa Halifax aliyepofuka, aliyechagua picha zake kwa kusikiliza. "Mwandishi ukimwambia aseme, atadanganya," Médéric alizoea kusema. "Mwache amenye viazi kwanza."

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na Zita Larade katika kanisa hili hili. Walijaliwa Aurèle na Lisette, wakarudi nyumbani mwaka 1981, naye akaendelea kuwatengenezea Montréal filamu akiwa huku.

Hapa Chéticamp palikuwa na mwanamke aliyeshona mazulia kwa ndoano na kutunga mashairi, ila mashairi hakumwonyesha mtu. Yalimfikia Médéric bila jina, yamefungwa ndani ya zulia. Akatangaza kanisani kwamba anamtafuta mwenye mashairi amtengenezee filamu. Hakujitokeza mtu. Ndipo Machi 1986, nusu ya Kwaresima, akaingia jikoni mgeni mmoja wa gunia, akavua glavu, akaanza kusoma mashairi yale kwa pumzi ya kuvuta. Médéric aliwasha kamera. Alipomaliza, mgeni alisimama akingoja kutajwa.

"Ni paroko," alisema Médéric.

Mama mkwe wake alipiga meza. "Paroko ana tumbo! Kamera imekula macho yako, mwanangu. Bahatisha tena!"

"Basi ni Placide, fundi viatu."

"Placide na mashairi? Mtu asiyejua hata kusalimu!"

Alitaja wanaume mpaka wakaisha, akashindwa. Mgeni akapewa peremende, akaenda na uso wake bila kuuonyesha.

Filamu ilipofika Montréal, mkuu wake alisema, "Bila uso, bila jina, hii si filamu ya mwandishi. Ni filamu ya gunia."

"Kwetu gunia likisema vizuri hupewa kiti," alijibu.

Aliambiwa alete jina au asilete filamu nyingine. Hakulileta. Kazi ya Montréal ikaishia hapo. Akafundisha shule ya hapa mpaka alipostaafu mwaka 2009. Filamu ilionyeshwa mara moja, katika ukumbi wa parokia. Watu walibahatisha kwa makelele, na mwisho wake, pale pa jina la mshairi, palikuwa peupe. Kijiji kikaamini kuwa Médéric amezeeka macho. Naye alikubali kuchekwa.

Agosti mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Jirani mmoja alimletea pai ya nyama hospitalini, akaketi karibu na kitanda, Zita akiwepo.

"We Médéric, ulinijua saa ngapi?"

"Ulipovua glavu. Kidole gumba hicho kimepindwa na ndoano."

"Na ukamtaja paroko!"

"Ulitaka nikutaje?"

"Nilikuwa na mume hai. Katika kila mstari wangu angetafuta yumo wapi." Walicheka mpaka muuguzi akaja kufunga mlango. Kisha mwanamke yule akasema, "Mume amekwenda. Sasa nitaje."

"Mimi nilishashindwa. Mwenye nyumba akishindwa, mgeni hujivua mwenyewe, siku atakayopenda."

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2023, asubuhi, mikononi mwa Zita, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mjane, Zita, mwana Aurèle na binti Lisette, wajukuu watatu, na dada yake Léontine. Usiku wa kukesha, jirani yule alikuja na ombi kwamba pale palipobaki peupe pajazwe leo, mbele ya wote. Yuko kiti cha tatu, upande wa dirisha, na siku ile ukumbini ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, "Ni Placide, naiona miguu!" Ni Exelda wa Médard wa Simon, Exelda Deveau. Mashairi ni yake.

Mgeni amejivua. Mwenye nyumba na apumzike kwa amani.