Kufuli Mbili za Mama Vénérande

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2003, Mama Vénérande Zihindula anastaafu. Amehudumia vitabu kwa miaka ishirini na mitano: kumi na tisa katika maktaba ya parokia huko Uvira, mji wa Kongo kando ya ziwa, na sita hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, karibu na Lilongwe. Kwa kweli sisi wasomaji wake hatukujua kama mtu anaweza kustaafu kazi ambayo hajawahi kuajiriwa. Tangu siku ya kwanza, shirika linaloendesha maktaba yetu limemwita "msaidizi wa kujitolea", na msaidizi wa kujitolea hana cheo wala mkataba. Lakini Mama ametimiza miaka sitini, na shirika limesema sitini inatosha. Imebidi astaafishwe ndipo aonekane kuwa alikuwa mfanyakazi.

Vita vilipofika Uvira mwaka 1996, Mama alifunga mlango wa maktaba akaondoka na ufunguo, akidhani atarudi mapigano yakitulia. Ufunguo huo bado anao. Mlango wenyewe hatujui kama upo.

Hapa Dzaleka alianza na sanduku moja la vitabu na rafu alizozigongelea mwenyewe kwa mbao za makreti ya nyanya kutoka soko la Madisi. Kwa muda mrefu kila kitabu kilinuka nyanya. Mwenzake wa kwanza alikuwa Mwalimu Nyandwi, mkimbizi wa Burundi, ambaye alijifunza kwake kazi yote ya ukutubi, kuanzia kushona vitabu vilivyochanika hadi kumnyamazisha mlevi bila kumfukuza.

Mwaka 1998 vita vilirudi Kongo, wanajeshi wa Burundi wakiwamo, na hata huku watu waliacha kukaa benchi moja. Wakongomani walisema Warundi wanaficha vitabu. Warundi wakasema hivyo hivyo juu ya Wakongomani. Mama hakuhubiri. Alipachika kufuli mbili kwenye mlango mmoja: ya kwanza ufunguo wake anao yeye, Mkongomani, ya pili ufunguo wake anao Nyandwi, Mrundi. Mmoja akichelewa, mwingine anamngoja nje pamoja na wasomaji wote. Asubuhi nyingi tuliwasikia wakitaniana.

"Nyandwi, umelala mpaka jua inakuchoma! Warundi bote banalalaka hivi?"

"Mama, nimeoga. Nyie wa Uvira mlizoea ziwa liwaogeshe."

Watu walicheka, na wakicheka walikuwa wameshakaa pamoja.

Mwaka 2000 shirika lilileta Mkuu wa Maktaba kutoka Ulaya. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alipoona kufuli mbili alifikiri ni hofu ya wezi, akazitoa zote na kufunga moja kubwa mpya aliyonunua Lilongwe. Wiki hiyo maktaba ilikuwa tupu. Kila upande uliamini kwamba ufunguo umepewa upande mwingine. Mama alimweleza, naye akazirudisha. Baadaye jarida la shirika lilisifu "mpango wa kufuli za amani ulioanzishwa na Mkuu wa Maktaba", pamoja na picha yake akitabasamu mlangoni. Upande wa kushoto wa picha kuna mkono wenye ufunguo. Mkono huo ni wa Mama Vénérande. Tunaandika hapa kwa sababu jarida halikuandika.

Pamoja na huyo, hadi leo tumepata Wakuu wanne, wote vijana, wote Wazungu. Kila mmoja alifundishwa kazi na Mama na Nyandwi, kisha akaenda mahali pazuri zaidi.

Mwaka 2001 Mama alialikwa Lilongwe, kwenye mkutano wa wakutubi katika hoteli moja ya City Centre. Mada ilikuwa maktaba kwa watu wote. Kila mtu alivaa kibandiko chenye jina na kazi yake. Cha Mama kiliandikwa jina, na chini yake neno "Mkimbizi". Meza za mbele zilikaliwa na Wazungu. Mayi Kachingwe, yaani Mama Kachingwe, mkutubi wa shule moja ya Lilongwe, alimvutia kiti akamwambia kwa Kichewa, "Kaeni hapa, amayi. Huku nyuma ndiko tuliko sisi sote." Kachingwe mwenyewe alikuwa ameshafundisha wakuu wawili wa kigeni. Hakuna aliyewauliza lolote mpaka mkutano ukafungwa.

Aliporudi alituonyesha kibandiko. "Kumbe ukimbizi njo métier, njo kazi yangu," alisema. "Na sikuisomea hata siku moja." Tulicheka kwa sababu yeye alicheka.

Mama hajawahi kujiombea cheo. Aliomba jambo moja tu: akiondoka, Nyandwi awe Mkuu wa Maktaba. Mwezi uliopita alikwenda naye kwenye ofisi ya shirika mjini kupata jibu. Mratibu alijibu kwamba Wakongomani hawatamkubali Mrundi, na kwamba kazi hiyo inahitaji mtu asiye na upande.

"Na ule muzungu mwenye anakuya," Mama aliuliza, "kwao habana upande?"

Nyandwi alitafsiri. Mratibu aliangalia saa yake. Mkuu wa tano anafika mwezi ujao, na Nyandwi atabaki msaidizi.

Katika ratiba ya leo mtaona pameandikwa "Kukabidhi funguo kwa shirika". Mama ametuomba tuwaambie mapema, ili mtu asishtuke: hakuna funguo zitakazokabidhiwa. Nyandwi anabaki na wake. Ufunguo wa Mama alikwisha kumpa Divin, msomaji mwenzetu wa miaka mingi, ambaye ni Munyamulenge, wa kabila la Kongo ambalo wengi hudai si la Wakongomani halisi. Mwaka 1998 Divin alifukuzwa hata kwenye benchi letu. Tunajua baadhi ya Wakongomani wananung'unika, kwa sababu walikwenda kununa nyumbani kwa Mama, ambaye nyumba yake ya Uvira iliungua katika vita vile vya 1996, ambamo watu wa kabila la Divin walipigana. Aliwapa chai. Kisha akawaambia, "Ni Mukongomani, na vitabu anarudishaka. Munataka nini tena?"

Mama, asante kwa rafu, kwa gundi, kwa kungoja nje nasi kwenye baridi. Sasa kaa kwenye benchi usome, na mtu mwingine asimame kukutafutia kitabu. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na macho mazuri. Kuanzia leo kwetu wewe ni Mkutubi Mkuu Mstaafu wa Dzaleka, hata kama cheo hicho hakipo mahali popote isipokuwa kwenye karatasi hii.

Mkuu mpya atakapofika atakuta kufuli mbili. Tutampokea vizuri, tutampa kiti, naye atangoja nje pamoja na sisi mpaka Nyandwi na Divin wafike.