Aliyemwandikia Mwanangu kwa Jina Langu

Nawasalimu nyote mlio humu ndani. Wazee wangu, shikamooni. Siwaoni, na wengi wenu hamnioni, kwa hiyo nisaidieni: walio upande wa mlango wakohoe kidogo, nijue pa kuelekezea uso. Asanteni. Mwenyekiti wa chama chetu cha wasioona ameniomba nieleze yaliyonipata. Nitaeleza yote, ila majina sitataja, maana wengine wako hai, na mmoja wao tunasali naye kanisa moja kule Mwika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alikuwa kitinda mimba kwao, na wengi mnajua kwamba kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba cha baba yake, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambamo watu wanazaliwa na humo humo wanazikwa. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, wa kiume. Bei ya kahawa ilipoanguka, majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Mume wangu alikataa. Alifariki mibuni ikiwa imesimama, buni zinapukutika hakuna wa kuzichuma.

Baada ya msiba mwanangu aliniambia, "Mama, nikikaa hapa nitakuwa nafanya nini?" Akapitia Himo, akavuka mpaka, na baadaye nikapata habari kwamba yuko Ulaya, anaosha vyombo hotelini, na hana vibali vya kuishi kule.

Macho yangu yakaanza kuharibika wakati huo. Yaliharibika kuanzia pembeni. Nikawa namwona mtoto wa dawati la katikati, wa dirishani simwoni. Halafu hata wa katikati akawa ukungu. Hospitalini daktari alinipima, akasema, "Ni presha ya macho, mama. Umechelewa kuja. Kilichokwenda hakitarudi." Nikaacha kazi. Nikarudi kukaa jikoni kwangu, nikijifunza upya kuwasha moto kwa kupapasa.

Kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, yaani shemeji yangu, ndiye aliyenishika mkono siku zile. Naomba mlijue hilo, nisije nikaonekana namsema mtu vibaya bure. Alinikatia kuni, alinipeleka kanisani. Kafe za intaneti zilipoanza kuenea Moshi mjini, alinifungulia sanduku la barua pepe ili niwasiliane na mwanangu. Neno la siri alilichagua yeye, akalitunza yeye. Akienda mjini anasoma, akirudi ananieleza. Mwanzoni kulikuwa na habari. Anakusalimu. Baridi ni kali. Anakuuliza kama ng'ombe amezaa. Nami ninamwambia shemeji cha kujibu, anakwenda kuandika.

Halafu habari zikakauka.

"Kuna kitu leo, shemeji?"

"Hakuna."

Wiki nyingine, vivyo hivyo. Mwaka ukapita, na mwingine. Siku moja akaniambia, "Acha kujitesa. Watoto wa siku hizi wakishaionja Ulaya wanasahau hata makaburi ya baba zao." Niliamini. Ndugu zangu, nawaambia, niliacha hata kupika. Jirani alikuwa ananiletea mtori, ile supu yetu ya ndizi, unapoa mezani, anakuja anaumwaga. Nilikuwa naomba nilale nisiamke, na nikiamka nalia kwa kuwa nimeamka.

Ikaja Desemba, watoto wa mlimani wanarudi nyumbani kula Krismasi. Nikasikia hodi mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani, baba?"

Akajitaja. Alikuwa rafiki wa mwanangu, walisoma wote, na kule Ulaya waliwahi kuishi chumba kimoja. Nikamkaribisha chai. Akakaa, lakini alijibu maswali yangu kwa mkato, kama mtu aliyetumwa na mama yake aje kusalimu tu. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Mwenzako nimemkosea nini hata asinikumbuke?"

Kikombe kikawekwa chini. Akasema, "Mama, mbona unaniuliza mimi? Si wewe uliyemkataza kurudi?"

"Mimi?"

"Anaumwa figo. Alikuandikia kwamba anataka kurudi nyumbani kabla hajazidiwa. Ukamjibu kihamba umeshamkabidhi baba yake mkubwa, na mtoto aliyeshindwa Ulaya asije kukuaibisha kijijini. Alinisomea mwenyewe, mama. Nilimwona akilia."

Kupofuka nilikuwa nimeshakubeba. Lakini siku ile nilielewa kwamba kuna mama mwingine, ana jina langu, anamwandikia mtoto wangu mgonjwa maneno kama yale, na mtoto anasoma anajua ni mimi. Nikaelewa na sababu. Mwanangu asiporudi, kihamba kinarudi kwenye ukoo, na shemeji yangu ana watoto wa kiume wengi na ardhi haitoshi.

Nilimwita. Nikamuuliza jambo moja tu: "Neno la siri la sanduku langu ni lipi?"

Akasema, "La nini, shemeji? Utasoma kwa macho gani?"

Akaaga, akaondoka. Hakukana wala hakukiri.

Yule rafiki hakuwa na simu ya mwanangu. Mwanangu alikuwa amehama mji na kubadilisha namba, kama wanavyofanya wasio na vibali. Rafiki alikuwa na anuani yake ya barua pepe tu. Basi kabla hajasafiri, alinipeleka Moshi kwenye kituo kimoja kidogo kinachofundisha wasioona kutumia kompyuta. Mwalimu wa pale alikuwa mama wa Sanya Juu, haoni tangu kuzaliwa. Alinishika vidole akavipanga juu ya vitufe, akasema, "Hii inaongea. Kila unachobonyeza itakwambia. Usiiogope, ila usitegemee ijue Kiswahili."

Kweli haikukijua. Programu ile ilisoma kwa Kiingereza. "Mwanangu" ilikuwa inaitamka hadi unaweza kudhani ni jina la dawa. Nilirudia neno moja mara nyingi ndipo nilipate. Lakini ilisoma. Kwa mara ya kwanza tangu nipofuke, kitu kilinisomea bila kuchagua cha kunisomea.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoumia mara ya pili. Nilikuwa na haraka. Sikungoja kufundishwa vizuri. Nilikwenda kwenye kafe moja mjini, nikamwomba dada wa pale anifungulie sanduku jipya. Akaniuliza paswedi niweke ipi, nikamnong'oneza sikioni. Nikamtamkia maneno, akamwandikia mwanangu. Niliporudi kusomewa jibu, sanduku halikufunguka. Dada wa watu akaniambia bila hila yoyote, "Alikuja yule shemeji yako, mama. Alisema wewe huwezi peke yako, anakusaidia. Nikampa ile paswedi. Labda ameibadilisha."

Nilikaa pale kwenye kiti cha kafe mpaka wakaniambia wanafunga. Nilijua mwanangu alishajibu. Nilijua aliyesoma jibu lake ni nani.

Nikamrudia mwalimu, nikamwambia nimeshindwa, naacha. Akasema, "Hujashindwa. Umempa mtu. Ni vitu viwili." Nikamuuliza, nisipompa mtu nitafanyaje? Nikiandika kwenye karatasi siwezi kusoma. Nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa vidole, nilikuwa bado sijazizoea. Nikiweka neno jepesi la kukumbuka, shemeji atalikisia, ananijua tangu naolewa. Na nikiandika neno la siri, sauti ya kompyuta hainitajii herufi. Inasema nyota, nyota, nyota. Kidole kikiteleza sijui.

Ndipo akanitolea programu ya kutunza maneno ya siri, akaiweka kwenye flashi. Nitawaeleza kwa lugha yangu. Ni kabati lenye ufunguo mmoja. Ufunguo ni sentensi ndefu unayoijua wewe peke yako, hujawahi kuitamka mbele ya mtu. Ukifungua, humo ndani programu yenyewe inatunga maneno ya siri marefu, ya ovyo ovyo, ambayo hata wewe mwenyewe huyajui. Unabonyeza linakopiwa, unakwenda kwenye barua pepe, unalibandika. Hakuna wa kulisikia, hakuna wa kulikisia.

Msidhani ilikuwa rahisi. Neno likishakopiwa, programu inalifuta baada ya muda mfupi, kwa usalama. Mimi bado nasikiliza sauti inanisomea ukurasa, nikifika pa kubandika, hakuna kitu. Narudi. Nafungua. Nakopi. Limefutika tena. Kuna mahali ndani ya programu sauti ilikuwa inanyamaza kabisa, sijui nimesimama wapi, kama mtu aliyeachwa katikati ya barabara. Mwalimu ananiambia, "Usibonyeze kwa hasira. Rudi nyuma kwa kitufe cha Tab, sikiliza." Na alinionya: "Ukiisahau hiyo sentensi, hata mimi siwezi kukufungulia. Utapoteza kila kitu." Nilitembea nayo kichwani nikiwa na hofu. Naisema nikikamua ng'ombe, naisema moyoni wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe.

Nilipozoea, nikafungua sanduku la tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwandikia: mwanangu, ni mimi mama yako, macho sina tena, yale maneno mengine sikuyaandika.

Kabla ya jibu, alikuja shemeji. Nilikuwa nimeketi kwenye kompyuta pale kituoni, nikasikia sauti yake mlangoni anamwambia mwalimu, "Mimi ndiye msimamizi wa huyu mama. Naomba neno lake la siri, kuna mambo ya familia."

Mwalimu akamjibu, "Sina."

"Wewe si ndiye unayemfundisha?"

"Ndiyo. Na silijui. Humu ndani hakuna anayelijua, labda umuulize mwenyewe."

Nikasikia viatu vyake vinakuja mpaka nyuma ya kiti changu. Akainama. "Shemeji, unanificha nini mimi? Nani alikuwa anakukatia kuni?"

Nikasema, "Ni wewe, na nilishukuru. Lakini mwanangu nitamwandikia mwenyewe." Nikarudisha vidole kwenye vitufe. Kisha akatoka.

Jibu lilikuja wiki hiyo. Nilivaa hedfoni, darasa limejaa watu. Hapakuwa na salamu. Ilisema: "Wewe ni nani? Nina mama watatu wananiandikia. Siku niliyotumbukia mferejini na mzigo wa majani ya ng'ombe, nilipoteza nini, na mama alimwambia nini baba?" Nikaja kujua baadaye kwamba swali lile alilituma kote, na kutoka kwenye lile sanduku la zamani akajibiwa aache maswali ya kitoto.

Mimi niliandika: "Kiatu cha shule, cha kushoto. Nilimwambia baba yako kimebebwa na mbwa, maana angekuchapa."

Siku iliyofuata nilifungua kabati langu, nikakopi, nikawahi kubandika. Barua ilikuwa na maneno mawili. Ile sauti ya Kizungu iliyatamka vibaya, nikairudisha, ikayatamka vibaya tena. Shikamoo mama. Nililia palepale, na jirani yangu wa kompyuta ya pili akaniuliza kama mashine imeharibika.

Alirudi, ndugu zangu. Natamani ushuhuda wangu uishie hapo, lakini nimeahidi kusema yote. Alirudi akiwa amechelewa, kama mimi nilivyochelewa na macho. Nilipomshika mkono ulikuwa umevimba. Tulikaa naye kihambani tangu masika mpaka kahawa ilipoiva, ile ile ya baba yake. Alikuwa akikaa nje kwenye kigoda ananieleza kilichoiva na ambacho bado, nami nachuma. Miaka ile iliyopotea tulizungumza kidogo tu. Nilimuuliza mara moja kama aliamini ni mimi. Akasema, "Niliamini, mama. Hilo ndilo lililoniuma." Tulimzika pembeni ya baba yake.

Siku ya mazishi mtu alinishika mkono akaweka jani kiganjani. Nikalipapasa, nikajua ni isale. Walio wa kwetu wanajua: ukiletewa jani la isale unaombwa msamaha, na kulikataa ni mwiko. Kikohozi chake nakijua: alikuwa shemeji. Nililipokea. Kama nimesamehe, bado sijui. Kuna Jumapili nahisi ndiyo, kuna Jumapili nikimsikia amekaa karibu nahama benchi.

Namshukuru mwalimu wangu, ambaye yumo humu na hataki nimtaje. Namshukuru yule rafiki aliyekuja kunisalimu akiwa amenikasirikia, na bado akaja. Namshukuru jirani wa mtori. Namshukuru Mungu kwamba mwanangu alikufa akijua sauti ya mama yake ni ipi.

Ninachowaachia ni hiki. Sisi tunahitaji macho ya watu, hakuna aibu. Mtu akusomee, akushike mkono, akuvushe barabara. Lakini mahali ambapo jina lako linasema kwa niaba yako, fungua mwenyewe na funga mwenyewe, hata kama itakuchukua asubuhi nzima.

Leo kabla ya kuingia humu, mmoja wenu alinivuta pembeni akasema, "Mama, mimi nitasahau. Nitunzie wewe neno langu la siri, wewe nakuamini." Nimemjibu usiniamini. Tukimaliza chai, njoo ukae kwenye kompyuta, nikufundishe. Na wakati unaandika hiyo sentensi yako, nitatoka nje.